Hodi Katika Zama za Spika za Intaneti
(Nasaha iliyotolewa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam)



Suratun-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu kabla ya kuomba idhini na kutoa salamu. Leo zipo spika za intaneti zenye maikrofoni isiyolala. Wapo wanaoziweka sebuleni ziwasomee Qur'ani. Ni jambo jema. Lakini mwaka 2017 wataalamu wa kampuni ya Armis walitangaza kasoro iitwayo BlueBorne: mtu aliye karibu, bila neno la siri wala kuigusa spika, aliweza kuitawala Amazon Echo kwa njia ya Bluetooth. Kasoro hiyo ilizibwa kwa kusasisha programu. Sasa, katika maghorofa yetu ya Kariakoo, aliye karibu ni nani kama si jirani wa ukuta mmoja?

Basi anayenunua spika hizo, hasa iliyokwisha tumika, aulize kama bado inapokea masasisho. Muuzaji akibabaika, aiache dukani. Na aliyenayo aizime maikrofoni mgeni anapoleta shida zake. Mazungumzo yale ni amana, na mgeni hakuambiwa kuwa pana sikio la tatu. Hapo sisi wenyewe tumemdhulumu, hata kabla hajatokea mdukuzi.