Ramani ya Mkono na Maneno ya Mwelekezaji: Kukusanya Ramani za Wakazi katika Jiji la Tamaduni Nyingi



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni ramani zinazochorwa kwa mkono na watu wa kawaida, pamoja na yale yanayoweza kufahamika kuhusu jiji la tamaduni nyingi kwa kuzikusanya. Ramani inayozungumziwa hapa si ile ya mpima ardhi. Ni mistari michache ambayo mkazi huichora kwenye kipande cha karatasi anapoombwa aonyeshe anapoishi, anapopita na anapokutana na wenzake. Hoja inayotetewa ni moja: mchoro peke yake ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni maneno yanayosemwa wakati mkono unachora, na kwa upande wa Kiswahili maneno hayo ni hazina inayostahili kukusanywa.

Neno ramani lenyewe linaielekea hoja hii. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na rahmani ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambayo nayo inatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kionyesha njia. Rahmani ilikuwa kitabu cha maelekezo: nyota za kufuata, majira ya pepo, dalili za pwani na bandari. Nahodha aliisoma. Kwa hiyo, kabla ya kuwa picha, ramani ilikuwa maneno.

2.0 Mafunzo kutoka miji ya Marekani

Mwaka 1960 Kevin Lynch alichapisha kitabu chake kuhusu taswira ya jiji. Yeye na wenzake waliwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, na kuwaomba wachore miji yao. Kutokana na mahojiano hayo alibainisha mambo matano yanayojenga taswira ya jiji akilini: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Mchango huo ungali unafundishwa katika vyuo vya mipango miji. Hata hivyo, waliohojiwa walikuwa wachache, takriban 30 Boston na 15 katika kila mmoja wa miji mingine miwili, na wengi wao walikuwa watu wa tabaka la kati wenye kazi za ofisini. Jiji lililochorwa lilikuwa jiji la watu hao.

Pengo hilo lilidhihirika Los Angeles. Mwaka 1971 idara ya mipango ya jiji hilo ilitoa ramani zilizounganishwa kutokana na taswira za wakazi wa maeneo mbalimbali. Wakazi wa Westwood, wengi wao wazungu wenye uwezo, walilionyesha jiji pana, lenye barabara kuu zinazofika milimani na baharini. Wakazi wa Boyle Heights waliozungumza Kihispania walionyesha mitaa michache tu, jengo la halmashauri ya jiji, kituo cha mabasi na stesheni ya reli. Ni jiji moja, lakini kwa wengine lilikuwa eneo zima na kwa wengine lilikuwa kipenyo. Asemaye kuwa wakazi wa Boyle Heights hawakulijua jiji lao amekosea. Walilijua kwa kadiri ya nauli, kazi na lugha vilivyowaruhusu kulifikia. Ukubwa wa ramani ya mtu hupima milango iliyofunguliwa mbele yake, wala haupimi akili yake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Becky Cooper, aliyetembea kwa miguu katika Manhattan, New York, akiwapa watu asiowajua karatasi yenye umbo tupu la kisiwa hicho ili walijaze na kumrudishia kwa posta. Ramani 75 zilichapishwa kitabuni mwaka 2013. Hakuna zilizofanana. Mmoja huweka mapenzi yaliyokwisha pale ambapo mwingine huweka kazi ya kwanza. Aidha, mbinu yenyewe ilikuwa ya makutano: ili karatasi itoke mkono mmoja hadi mwingine, ilibidi wageni wawili wasimame njiani na kusemezana.

3.0 Dar es Salaam: mistari ya watawala na majina ya wakazi

Dar es Salaam, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na wakazi zaidi ya milioni 5.3, nayo ilianza kuchorwa na watu wasioishi katika mitaa mingi waliyoichora. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya majengo, na Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo. Wenyeji wakaupa majina bayana: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukawa utengano baina ya mji wa biashara na Kariakoo.

Lakini mstari wa mtawala hauwazuii watu kukutana, na makutano hayo yamehifadhiwa katika majina. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha Waingereza cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lililotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili. Ndani yake Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Nyamwezi na Mtaa wa Pemba inataja watu na mahali pa mbali. Katika vituo vya daladala, Buguruni Sheli ni kumbukumbu ya kituo cha mafuta. Sinza kwa Remmy ni kumbukumbu ya mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo, aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki mwaka 2010. Mgeni aliyekuja na gitaa amekuwa alama ya njia kwa watu ambao huenda hawajapata kuusikia wimbo wake hata mmoja.

4.0 Maneno ya mwelekezaji

Mkusanyaji akimwomba mkazi wa Manzese au Temeke amchoree njia, aghalabu atajibiwa kwa maneno kwanza. Kabla ya hapo yako maamkizi, kwani hakuna anayeulizwa njia bila kuamkiwa: shikamoo mzee, samahani mama, habari za hapa kaka. Ndipo maelekezo hufuata: shuka kituo fulani, vuka barabara, ingia uchochoro wa pili, pita kwa mama lishe, ukifika msikitini uliza nyumba ya mjumbe, utaonyeshwa.

Maelekezo haya yana sifa mbili. Kwanza, alama zake nyingi ni watu. Neno kwa, katika kwa mjumbe au kwa muuza mkaa, hugeuza mtu kuwa mahali. Pili, na hili ndilo kubwa, maelekezo hayafiki mwisho. Mwelekezaji humfikisha mgeni nusu ya njia, kisha humkabidhi kwa mwelekezaji mwingine kwa neno moja: uliza. Anayeutazama mchoro bila kusikia maneno ataona mstari uliokatika na kudhani mchoraji amesahau. Kumbe pale mstari unapokatika ndipo mkutano unapotarajiwa. Katika jiji la makabila, dini na mataifa mengi, neno uliza lina imani ndani yake kwamba mtu atakayekutwa, awaye yote, atajibu, na atajibu kwa Kiswahili.

5.0 Ramani na uhai wa watu

Pengine itadhaniwa kuwa haya ni mapambo ya utafiti. Mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha vinginevyo. Watu wapatao 40 walipoteza maisha Dar es Salaam, na wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaani pamoja na wakazi, wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba. Mkazi ndiye anayejua maji yalifika wapi ukutani na uchochoro upi hauna njia ya kutokea. Elimu hiyo isipoingia katika ramani, mwokoaji atachelewa.

Vivyo hivyo, operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa mwaka 2022 imeleta majina rasmi ya barabara na namba za nyumba. Manufaa yake hayabishaniwi: mgonjwa anahitaji gari limfikie usiku, wakati hakuna mtu wa kuulizwa. Hata hivyo, namba haielezi nani aliishi hapo wala kwa nini watu walipaita kwa Remmy. Anwani na jina la mtaani vinaweza kuishi pamoja, ilimradi la pili liandikwe kabla wanaolijua hawajaondoka.

6.0 Hitimisho

Kazi hii inafaa kufanywa na idara za Kiswahili, kwa kuwa chombo chake kikuu ni lugha. Mkusanyaji ahitaji karatasi tupu, kalamu na kinasa sauti. Asimpe mchoraji ramani iliyokwisha kuchapwa, maana mipaka iliyochapwa huongoza mkono. Aandike mpangilio wa maneno kama yalivyotamkwa, lafudhi na makosa yakiwemo. Achague wachoraji wa rika, jinsia na asili mbalimbali: binti wa kazi za ndani, dereva wa bodaboda, mfanyabiashara wa Uhindini, mkimbizi wa Kirundi, bibi aliyezaliwa Gerezani. Tena aombe ridhaa, kwani mchoro hufichua mtu anapolala na anapopaogopa.

Makusanyo ya aina hiyo yataonyesha jinsi watu wasiofanana wanavyoelekezana, na wapi hawaelekezani. Mahali ambapo ramani za majirani wawili hazigusani popote ndipo panapostahili kuangaliwa kwanza na mpanga miji, mwalimu na kiongozi, kwa sababu hapo neno uliza limekosa mtu wa kuulizwa.