Ahadi ya Mafuta ya Mimea Iingie Kitabuni



Nimeombwa niseme machache kuhusu nishati itokanayo na mimea. Nitasema kama mhasibu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua.

Kwanza, neema yenyewe ni ya kweli. Dizeli ya visiwani huja kwa bahari, na gharama ya kuivusha tunailipa sisi. Umeme wa Mafia kwa miaka mingi umetegemea majenereta ya dizeli, na huku minazi tunayo. Wenzetu wa visiwa vya Vanuatu huchanganya mafuta ya nazi katika majenereta ya umeme. Ufilipino ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuchanganya nishati ya mimea katika dizeli, na nazi ndiyo inayotumika. Hapa hapa Mafia, mwaka 2010, TANESCO ilitia saini mkataba wa kununua umeme wa kampuni ya Ngombeni Power, uliokusudiwa kuzalishwa kwa kuchoma magogo ya minazi mikongwe. Basi mtu akija Bwejuu na habari za namna hii, tusimcheke. Tumpe kiti, kisha tumwombe karatasi.

Tuombe karatasi kwa sababu ndugu zetu wa Mkoa wa Pwani wameshaipita njia hii. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata mwaka 2009 hekta zaidi ya 8,000 za vijiji 11, kwa miaka 99, ipande mbono. Wanakijiji walisema waliahidiwa visima, zahanati, barabara na ajira. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika na vibarua wakarudi nyumbani. Ng'ambo yetu, Rufiji, kampuni ya SEKAB ya Sweden ilipanga mashamba makubwa ya miwa ya kutengeneza ethanoli, ikajitoa mwaka 2009. Sisi wavuvi tunajua kuwa mto ule ndio unaolisha mikoko, na mikoko ndiyo kitalu cha kamba na samaki.

Ndugu zangu, kampuni kufilisika ni jambo la kawaida katika biashara. Tatizo ni ardhi. Kwa sheria zetu, mwekezaji wa kigeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja: huhamishwa kwanza iwe ardhi ya jumla. Ikishahama, kampuni hata ikifa, haijirudii yenyewe kijijini. Miongozo ya serikali ya nishati hizi ilitoka mwaka 2010, wakati mashamba yamekwisha kugawiwa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mhasibu anaongeza: deni lisilo na hati haliingii kitabuni, na lisiloingia kitabuni halidaiki. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Moja, tukubali kuuza nazi, si kuhamisha ardhi. Mwenye mnazi abaki na mnazi wake.

Mbili, kabla ya yote ipigwe hesabu: lita moja ya mafuta inakula nazi ngapi, na nazi hizo zingeuzwa kwa kiasi gani zikienda jikoni? Mama anayekamua mafuta ya kupikia na kupaka awepo kwenye hesabu hiyo. Ikiwa jikoni panalipa zaidi, tangi lisubiri.

Tatu, kila ahadi iandikwe pamoja na kiasi chake, tarehe yake, na fidia isipotimizwa. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na muhtasari utunzwe.

Nne, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila robo mwaka, mtoto wa darasa la saba aweze kuyasoma.

Mtauliza, haya yanahusianaje na harambee? Yanahusiana sana. Kupima mipaka kunagharimu. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unagharimu. Mwanasheria wa kusoma mkataba kwa niaba yetu anagharimu. Mwekezaji huja na wanasheria wake, nasi tusije mikono mitupu. Naomba sehemu ya michango ya mwaka huu itengwe kwa kazi hiyo, nasi tuliopo mijini tuanze kutoa. Kisima huonekana na kila mtu, lakini hati ndiyo itakayotuwezesha kukidai kisima tulichoahidiwa.