Mchezaji wa Akiba na Pumzi za Mchezo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, wanafunzi wa sasa wakihudhuria)



Katibu aliponiandikia aliniomba nichague jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita wamezungumzia uadilifu kazini, elimu ya juu na umuhimu wa kujiwekea akiba. Mimi nami nitazungumzia akiba, lakini si ya fedha. Nataka tumzungumze mchezaji wa akiba: yule anayepanda gari pamoja na timu, akavaa jezi, akakaa benchi dakika 90, halafu akarudi bwenini jioni jezi yake ikiwa safi kama ilivyotoka kabatini. Je, mtu huyo anawezaje kuuweka mwili wake tayari kwa mchezo ambao hauchezi?

Swali hili nimelibeba tangu mwaka 1996. Nilikuwa kidato cha tatu, winga wa kulia wa akiba. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa kidato cha sita, fundi kweli kweli, na haki ilikuwa yake. Kazi yangu siku za mchezo ilikuwa kubeba ndoo ya maji na kapu la machungwa. Siku za mazoezi tulicheza sita kwa sita katika nusu ya kiwanja, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa ya mpira wa mikono. Juma zima lilipangwa kwa ajili ya wale 11. Walipochoka, sote tulipumzishwa. Walipokuwa na mchezo kesho yake, sote tulifanya mazoezi mepesi.

Ikafika fainali. Katika kipindi cha pili yule kaka akaumia kifundo cha mguu, nikaitwa. Nilikuwa nimekaa zaidi ya saa nzima. Nikavua fulana, nikaruka ruka mara tatu, nikaingia. Haukupita muda mrefu ukapigwa mpira mrefu nyuma ya beki wao wa kushoto, nami nikaufukuza kwa nguvu zangu zote. Sikufika. Nilisikia kitu nyuma ya paja kama kamba iliyokatika, nikaanguka. Tukamaliza mchezo tukiwa pungufu, tukafungwa.

Kilichoniuma zaidi ya paja ni maneno yaliyofuata. Ilisemwa bwaloni kwamba sikuwa tayari, kwamba nilikuwa mvivu wa mazoezi, kwamba nilikaa kwenye timu kwa ajili ya kupanda gari tu. Mtu mzima mmoja niliyemheshimu alinitamkia hivyo mbele ya wenzangu. Wala sikuwa na la kujibu, kwa sababu nami niliamini. Niliamini kwa miaka mingi. Si kweli kwamba nilikosa zoezi hata siku moja, lakini paja lilikuwa limekatika, na ushahidi wa paja ulikuwa mzito kuliko ushahidi wangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali, niliwekwa katika kamati ya michezo ya wizara yangu tulipokuwa tukijiandaa kwa mashindano ya SHIMIWI. Tulikuwa na mkufunzi wa viungo, kijana mwenye maneno machache. Jioni moja nikamsimulia habari ya fainali ile. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu: “Katika majuma sita kabla ya siku hiyo, ni mara ngapi ulikimbia kasi yako yote, hatua 40 bila kusimama?”

Nikafikiri. Katika nusu ya kiwanja, sita kwa sita, hakuna nafasi ya hatua 40. Jibu lilikuwa sifuri.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ambayo leo nataka kuwagawieni. Tumezoea kudhani kwamba mazoezi humtayarisha mchezaji, na mchezo wenyewe ni mtihani tu. Katika kandanda mambo hayako hivyo. Mchezo ndio zoezi zito kuliko yote katika juma. Mchezaji wa ndani katika ligi kubwa hukimbia na kutembea kiasi cha kilomita 10 hadi 12 kwa dakika 90. Sehemu kubwa ni mwendo wa kawaida na mbio za pole. Mbio za kasi kamili ni sehemu ndogo sana ya safari hiyo, lakini ndizo zinazozaa magoli, na ndizo zinazochana nyama za paja za mtu asiyezizoea. Basi yule anayecheza kila Jumamosi hupata dawa hiyo bila kuiomba. Yule wa benchi haipati, hata akihudhuria kila zoezi kwa uaminifu mkubwa.

Tazameni hesabu ya juma. Timu ikicheza Jumamosi, Jumapili ni mapumziko, Jumatatu ni kunyoosha viungo. Alhamisi na Ijumaa mzigo unapunguzwa ili miguu iwe myepesi. Kwa aliyecheza, ratiba hiyo ni ya haki kabisa. Kwa wa akiba, ni kumpumzisha mtu ambaye hajafanya kazi. Akibaki hivyo majuma matatu au manne pumzi yake huanza kushuka, na miguu yake husahau kasi mapema zaidi. Tena hali hiyo haionekani kwa macho. Sura ni ile ile, kilo ni zile zile (katika siku zetu maharage ya shule hayakumnenepesha mtu), na hata katika sita kwa sita anang'ara, kwa sababu mchezo wa eneo dogo hutaka kugeuka, kuanza na kusimama. Hayo ni mazoezi mazuri, siyakatai. Lakini mwenye kucheza hayo tu ni sawa na dereva asiyewahi kutoka gia ya pili, halafu siku moja akapelekwa barabara kuu.

Klabu kubwa za Ulaya zimelijua jambo hili. Mkiangalia mchezo katika televisheni, msizime mara tu filimbi ya mwisho inapolia. Watu wakianza kutoka, mtawaona vijana wanane au tisa wamebaki uwanjani na mkufunzi wao wa viungo, wanakimbia kutoka boksi hadi boksi. Hao ndio waliokaa benchi au walioingia dakika kumi za mwisho. Si adhabu, ingawa kwa sura inafanana nayo. Wanalipwa deni la dakika walizokosa. Kesho yake, wenzao wakiwa wanakandwa, wao hufanya zoezi zito la siku ile. Kila mmoja huvaa kizibao chenye kifaa kidogo mgongoni kinachopima kwa setilaiti amekimbia mita ngapi na kwa kasi gani, na hesabu yake inalinganishwa na ya yule aliyecheza.

Zamani Uingereza walikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa rahisi zaidi: ligi ya timu za akiba. Central League ilianza mwaka 1911 kwa ajili ya timu za pili za klabu za kaskazini na za katikati ya nchi. Mtu aliyeachwa Jumamosi alijua ana mchezo wake mwenyewe, wenye refa, wenye matokeo, wenye beki anayemkanyaga vidole. Ligi Kuu nayo ikaanzisha ligi yake ya akiba mwaka 1999, na ilidumu hadi 2012. Baadaye mahali pake pakachukuliwa na mashindano ya vijana, ambamo wachezaji wachache tu waliozidi umri huruhusiwa. Kwa vijana ilikuwa neema. Kwa mtu wa miaka 28 anayesugua benchi ilikuwa hasara, kwani alinyang'anywa mchezo wake. Sasa klabu humtafutia michezo ya kirafiki isiyo na watazamaji, au humpeleka klabu nyingine kwa mkopo. Maoni yangu ni kwamba hakuna mbio wala kifaa cha mgongoni kinachoweza kuchukua nafasi ya mchezo wenyewe, na waliofuta ile ligi walipoteza kitu.

Watu hupenda kuwasifu wachezaji wa akiba kwa moyo wao. Mwaka 1990 kule Italia, Roger Milla wa Kameruni, akiwa na miaka 38, alifunga magoli mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Kolombia, yote akitokea benchi. Ole Gunnar Solskjær wa Manchester United, tarehe 6 Februari 1999, aliingia dhidi ya Nottingham Forest zikiwa zimesalia kama dakika 20, akafunga manne. Tarehe 26 Mei mwaka huo huo mjini Barcelona, akitokea benchi tena, alifunga goli la ushindi dhidi ya Bayern Munich katika dakika za nyongeza. Mwenyewe ameeleza kwamba alipokaa benchi alikuwa akiwasoma mabeki, wapi wanakosea. Kusoma ni jambo jema, wadogo zangu, mimi ni mtu wa mafaili na siwezi kulibeza. Lakini aliyesoma akaona mwanya bado anahitaji miguu ya kuufikia. Nasi tukisifu moyo tu, basi yule atakayeshindwa tutasema hana moyo. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi.

Liko pia jambo la siku yenyewe. Misuli iliyopashwa moto kabla ya mchezo hupoa, na mapumziko ya dakika 15 yanatosha kuipooza. Ndiyo maana wakati wa mapumziko wenzetu wa akiba hawaingii wote ndani kula machungwa. Wanabaki nje wakipasiana na kupiga mbio fupi. Katika kipindi cha pili hunyanyuka kila baada ya muda, hukimbia pembeni ya mstari, na mara moja au mbili hukimbia kasi karibu na ile ya mchezo. Mwaka 2014 kule Brazili, kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, alimbadilisha golikipa wake dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza dhidi ya Costa Rica. Tim Krul aliingia kwa ajili ya penalti tu, akaokoa mbili. Alikuwa amekaa saa mbili bila kugusa mpira wa mchezo, lakini hakukaa akiwa baridi. Mimi niliruka ruka mara tatu.

Hapa niwaonye wale wenye bidii ya kupita kiasi. Mtu akisikia haya asiende leo usiku akakimbia mbio 30 za kasi. Paja lisilozoea litakatika mazoezini kama lilivyokatika la kwangu fainali. Anza kwa robo tatu ya kasi, mbio chache, ongeza juma kwa juma. Kasi kamili mara moja au mbili kwa juma inatosha. Na anayetoka kuumwa asipewe kipimo cha mzima.

Sasa nije kwenye lililonileta. Mwezi uliopita nilipita hapa nikasimama kuangalia mchezo wa shule. Vijana saba walikuwa benchi. Wawili waliingia. Filimbi ilipolia, wale watano walikusanya chupa, wakabeba mfuko wa mipira, wakaenda zao bwaloni. Nilimwuliza mmoja mara ya mwisho alicheza lini dakika 90. Akahesabu kwa vidole, kisha akacheka.

Ndugu Mkuu wa Shule, siombi vifaa vya setilaiti. Ombi langu la kwanza ni daftari moja, aandike nahodha kila mchezaji amecheza dakika ngapi kila juma. La pili ni nusu saa baada ya kila mchezo, kabla ya kengele ya chakula, kwa ajili ya waliocheza pungufu ya nusu ya mchezo: mbio sita hadi nane kutoka golini hadi mstari wa katikati, zikiongezeka kasi, na kupumzika vya kutosha kati yake, kisha mpira katika kiwanja kizima hata kama ni wanne kwa wanne. Na mara mbili kwa mwezi timu ya pili ipate mchezo wake wenye refa, na shule jirani au hata na walimu. Ikiwa refa ana gharama, sisi wa zamani tutachangishana, na nimeshazungumza na Mweka Hazina.

Koni 12 na vizibao viko nyuma ya gari langu, karibu na jiko. Mchezo wetu wa leo, wazee na wanafunzi, utaanza saa 10 alasiri. Nimeona orodha, nami nimewekwa akiba kama kawaida yangu. Wote wa benchi, wa pande zote mbili, tukutane saa 9 na nusu katika goli la upande wa mwembe tupashe misuli, na baada ya filimbi ya mwisho msiondoke.