Afya ni Haki, Si Hisani



Tulipopigania Katiba mpya hatukupigania karatasi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yampa kila mtu haki ya afya bora kwa kadiri iwezekanavyo, na yakataza mgonjwa wa dharura kunyimwa matibabu. Je, haki hiyo imefika Kibokoni na Kuze?

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilishika nafasi ya NHIF iliyoundwa mwaka 1966. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mvuvi na mama muuza mahamri huulizwa juu ya nyumba na mali yao, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Nao kanuni zataka walipe wa mwaka mzima: shilingi 3,600. Mwenye riziki ya kutwa atazitoa wapi?

Sheria ya 2023 yenyewe yajibu: asiyejiweza alipiwe na Serikali. Basi tusingoje kuitwa. Tuwasajili jirani zetu, kwani aliyesajiliwa hustahiki matibabu ya msingi zahanatini hata kabla ya kuchanga. Anayezungushwa kitambulisho tumsindikize. Akionewa katika kupimwa uwezo wake, tudai sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 yaturuhusu.

Sadaka ya kanisani na msikitini humsitiri mgonjwa, lakini haiiondolei Serikali deni lake. Hisani huombwa, haki hudaiwa.