Noti za Msituni

Wako kati yetu wakusanyao fedha za kale, na noti za Wajerumani wa Afrika Mashariki huwa tunazitafuta sana. Mwaka 1915 manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha haikuja tena kutoka Ulaya. Ndipo noti zikachapwa Dar es Salaam, kisha Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, zikatiwa sahihi kwa mkono. Zile za 1917 zilipigwa kwa herufi za mpira! Ahadi ya serikali iliyokuwa ikikimbia. Sisi wa Kariokor, mtaa ulioachiwa jina na Carrier Corps, wapagazi wa vita vile, twazitazama kwa uchungu. Mkusanyaji wa leo huzilipia. Mkulima aliyeuza mtama wake akapewa karatasi hii, aliipeleka kwa nani?