Kila Moshi Una Mwenyewe

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikundi cha kujiendeleza, Rau, Moshi)

 

Mji wetu unaitwa Moshi. Leo lakini sizungumzi juu ya mji. Nazungumza juu ya moshi ule unaoingia puani na kifuani. Tumeuzoea mno. Mtu akikohoa jikoni tunasema, "Ah, ni moshi tu." Neno hilo "tu" ndilo nataka tuliondoe leo.

Tuanze na mlima. Tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, mahali panapoitwa Whona, kwenye njia ya kwenda Horombo. Taarifa za kwanza za Hifadhi za Taifa zilisema ulianza kwa bahati mbaya, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Usiku ulionekana mpaka huku mjini. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 95 liliungua. Oktoba 2022 moto ulizuka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga.

Kwa nini Oktoba? Kwa sababu majani yamekauka na mvua za vuli bado. Cheche ya jiko, kipande cha sigara, au mwenge wa mrina asali, vyote vinatosha. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Mimi naongeza: na penye moto, mara nyingi pana mkono wa mtu.

Moto huo wa juu unatugusa sisi wa chini kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji. Miti ya huko juu hunasa ukungu, na ukungu huo hudondoka ukawa maji. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Andreas Hemp, ameuchunguza mlima wetu miaka mingi. Aliandika mwaka 2005 kwamba kupotea kwa misitu hiyo kwa moto kunapunguza maji ya mlima kuliko hata kuyeyuka kwa barafu. Kumbukeni, Mto Rau unatoka huko huko mlimani.

Ya pili ni moshi wenyewe. Mchana mlima hupata joto, na upepo hupanda. Usiku hewa hupoa, ikawa nzito, ikateremka kwa kufuata mabonde ya mito. Moshi nao huteremka nayo. Ndiyo maana mtu anaweza kulala hewa ikiwa safi, akaamka nyumba inanuka majani yaliyoungua.

Sasa, moshi ni kitu gani? Ndani yake mna chembe ndogo mno za vumbi la moto. Ukizipanga 20 au 30 ubavu kwa ubavu, ndipo unapata unene wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia. Huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia katika damu. Huamsha pumu, huleta kichomi kwa watoto wadogo, na kwa watu wazima huumiza moyo pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani peke yake uliua watu milioni 3.2 duniani. Sisemi moto wa msituni. Nasema moshi wa kupikia.

Hapo ndugu zangu nalazimika kujisema mwenyewe. Kila tunapoona mlima unawaka, tunanyosha kidole juu. Lakini mimi mwaka mmoja, baada ya kuvuna mpunga, niliyarundika majani makavu shambani nikayatia moto. Ilikuwa jioni. Nilidhani jioni ni salama kwa kuwa upepo umetulia. Kumbe upepo ukitulia moshi hauna pa kwenda. Ulilala juu ya nyumba zetu usiku kucha.

Jirani yangu ni bibi mwenye pumu. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, ana khanga mdomoni, anavuta pumzi kwa shida. Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, sikukatazi kulima. Wali wako nimekula. Lakini leo nimelala nimekaa."

Tulimpeleka hospitali akapata nafuu. Maneno yake hayajanitoka mpaka leo.

Tena nilichoma mali. Wenzetu wa vihambani hufuga ng'ombe ndani ya zizi, na kiangazi hutafuta malisho mpaka huku tambarare. Majani ya mpunga na mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe. Yanayobaki yanafaa kufunika udongo wa bustani, au kuozeshwa yakawa mboji. Siku hizi majani yangu huchukuliwa yote. Sichomi tena.

Je, moshi ukishakuja tufanye nini?

Funga milango na madirisha ya upande unaotoka moshi. Ukipungua, fungua hewa ipite. Kazi nzito kama kulima na kubeba mizigo iahirishwe ikiwezekana, maana anayehema sana huvuta moshi mwingi. Watoto wasikimbie nje. Mwenye pumu aweke dawa yake karibu, aitumie kama alivyoelekezwa na mganga.

Khanga iliyoloweshwa haizuii zile chembe ndogo. Inazuia majivu tu. Inayosaidia ni barakoa nzito ya kuzuia vumbi, inayobana vizuri puani na mashavuni.

Na jambo hili msilisahau hata kidogo: ukifunga nyumba kwa sababu ya moshi au baridi, usiingize jiko la mkaa ndani. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Watu hulala nayo wasiamke.

Ukiona mtoto anapumua haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani, au midomo inageuka rangi kuwa ya bluu, usingoje kesho. Vile vile mtu mzima anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Mpeleke hospitali mara moja.

Mwisho ni jikoni. Moto wa mlimani huja mwaka huu, mwaka ujao usije. Moto wa mafiga unawaka kila siku, na aliye karibu nao ni mama, na mgongoni ana mtoto. Serikali ilitoa mwaka 2024 mkakati wa kufikisha Watanzania 80 kwa 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini mtungi wa gesi una bei yake, na si kila nyumba itaupata leo. Basi tuanze na tunayoyaweza. Kausha kuni vizuri, maana kuni mbichi zina moshi mwingi. Jenga jiko sanifu lenye dohani. Toboa dirisha la jikoni, na lingine upande wa pili, moshi upate njia. Mtoto asilazwe jikoni. Na akina baba, kutoboa dirisha hilo ni kazi yetu. Tusimwachie mama ajitafutie hewa.

Nimemaliza. Moto wa mlima hatuuzimi peke yetu. Ila kabla hatujaachana jioni hii, naomba tupatane jambo moja: msimu huu nani ana majani ya mpunga, na nani ana ng'ombe? Wajuane hapa hapa, kabla mtu hajatoa kiberiti mfukoni.