Mzee katibiwa bure, nani atamgeuza?

Ndugu zangu vijana, baba alipopigwa kiharusi, hospitali walimtibu wiki mbili wakatuambia: mpelekeni nyumbani. Sera ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kwa mzee asiyejiweza. Sawa. Lakini mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila saa 2, la sivyo anaota vidonda. Nani amgeuze?

Muuguzi wa kuja nyumbani anataka kwa siku pesa ninayolipwa kwa makala nzima. Vigogo hutibiwa India. Walalahoi tunamtwisha dada mzigo, anaacha genge lake.

Nilimlipa muuguzi siku 3 tu, anifundishe. Sasa zamu ya usiku ni yangu.

Wakija kuomba kura, waulizeni: muuguzi wa mtaa yuko wapi?